Anzia mezani kabla ya kutangaza: maneno ya fundi wa ngozi

Mafundi wenzangu wakiniuliza namna ya kupata wateja, wengi hutaka niwaambie waweke picha ngapi kwa wiki. Mimi huwauliza kwanza: unatengeneza nini? Jibu huwa refu. Mikanda, pochi, mikoba, makubazi, vishika funguo, na juzi kuna mtu kaomba kava la daftari. Mtu akikuona mtandaoni mara moja anaondoka na kitu kimoja kichwani. Ukimwonyesha sita, haondoki na chochote.

Kwa hiyo zipange kazi zako zote mezani uchague tatu. Usichague kwa uzuri. Chagua unayoweza kuirudia ikatoka ileile, inayokuachia faida ukishahesabu na saa zako, na ambayo watu hurudi kuiulizia. Zilizobaki zifanye kwa oda tu. Ukiwa na tatu utanunua ngozi ya unene mmoja, utakata kwa violezo vilevile, na mkono utapata kasi.

Bei ndiko wengi wanakojipunja. Andika vifaa vyote, hata nta, uzi, gundi na vipande vilivyoharibika. Saa zako zipe ujira ambao ungemlipa fundi mwingine kwa kazi hiyo. Ongeza fungu la kodi, umeme na visu vinavyochakaa. Jumla ya hapo ni gharama tu, bado si bei. Halafu kumbuka kwamba maduka mengi huuza karibu mara mbili ya bei waliyonunulia. Mkoba uliokugharimu 100 ukiuuza 120, siku duka likiutaka utakuwa huna cha kuwapunguzia. Panga tangu mwanzo: bei ya jumla, yaani ya kuliuzia duka, 130, rejareja 260, na wewe mwenyewe usiuze rejareja chini ya duka linalokubebea bidhaa. Ukiona hakuna atakayetoa 260, rudi kwenye mkoba. Toa mfuko wa ndani au ile zipu inayokula muda. Mshono usiuguse.

Nauheshimu mshono kwa sababu ndio unaoniuzia. "Imara, maridadi, wa kisasa" kila muuzaji anasema, na mteja hayasikii tena maneno hayo. Eleza mkono wako ulichofanya. Mimi hushona kwa sindano mbili na uzi mmoja, kila tundu likipitiwa mara mbili, kutoka pande zote mbili. Uzi ukikatika mahali, mishono ya jirani inabaki imeshika, maana katika kila tundu kuna uzi wa upande wa pili. Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono unaweza kuendelea kufumuka. Nikishamweleza mteja hivyo, haulizi tena kwa nini wangu ni ghali kuliko ule wa kiwandani. Kila kazi ya mkono ina jambo lake la namna hii, iwe ukili, shanga au udongo. Litafute, uliandike kwa sentensi mbili, na ulirudie bila kuona haya.

Vipimo navyo viandikwe kwa sentimita, siyo "mkubwa kiasi". Kadi ya benki ina ukubwa mmoja duniani kote, milimita 85.6 kwa 54, ndiyo maana napenda kupiga picha ya pochi ikiwa na kadi imechomoza nusu: mtu anajua ukubwa bila kuuliza. (Iwe kadi iliyokwisha muda, na namba zisionekane.) Kwa mkanda, usikubali saizi ya suruali. Mwambie mteja achukue mkanda anaouvaa, apime kutoka bizimu linapokunjiwa ngozi hadi tundu analolitumia. Hicho kipimo kiwe tundu lako la katikati, na utaepuka nusu ya marejesho.

Picha hazihitaji kamera. Kaa karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, zima flashi, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ngumu irudishe mwanga. Piga nne: kitu kizima, mshono kwa karibu, ndani, na kikiwa mkononi mwa mtu. Ya ndani wengi huisahau, na ndiyo wanunuzi wa mikoba huiomba kwanza.

Mwaka 1765 mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood alipata oda ya vyombo kutoka kwa Malkia Charlotte, akapata ruhusa ya kuviita vyombo vya Malkia, na jina hilo likamuuzia kweli. Wewe na mimi hatuna malkia, ila tuna mteja anayebeba mkoba wetu kila siku. Muombe picha baada ya miezi kadhaa, ngozi ikiwa imeshaiva rangi. Picha hiyo moja naithamini kuliko kumi za mkoba mpya.

Kuhusu simu nitasema machache. Hali (status) ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, basi humo weka kazi inayoendelea: ngozi inakatwa, kingo zinasuguliwa. Vitu vyako vitatu, bei na vipimo vikae kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ambako havifutiki. Oda ya kitu kinachoandikwa jina la mtu ipokee kwa malipo ya awali ya nusu, kwani hakuna mwingine atakayeinunua.

Mwisho, weka daftari la matengenezo. Tengeneza bure kinachoharibika kwenye mshono, na kila kinachorudi andika kimekatikia wapi. Mikoba miwili ikirudi imechanika pale mshikio unapoingia kwenye pete, ongeza tabaka la pili la ngozi hapo kuanzia oda inayofuata, kisha lipige picha kwa karibu na uwaambie wateja wako umeliongeza kwa nini.