Namna ya kuthaminisha pikipiki ya kizamani kabla ya kuikatia bima kubwa

Mthamini wa kwanza aliyeiona BSA Bantam ya marehemu baba, pikipiki ndogo ya Kiingereza, aliizunguka mara moja, akauliza ni cc ngapi, akaambiwa 123, akaandika laki tano. Kwake ile ilikuwa bodaboda iliyochoka. Sikumlaumu sana. Hesabu aliyozoea ni ya kushusha thamani kila mwaka, na kwa hesabu hiyo chombo cha miaka ya 1950 ni chuma chakavu. Tangu hapo nimewaandalia faili wenzangu kadhaa wa Arusha na Moshi, na nimeona kwamba kazi kubwa ni ya mwenye pikipiki, kabla mthamini hajafika.

1. Anzia kwenye kampuni ya bima

Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Pikipiki yako haipati hata senti. Kwa hiyo ulizia bima kubwa, na uulize mambo mawili: wanapokea ripoti ya mthamini gani, na je, wako tayari kuandika thamani ya makubaliano? Hapo mnaafikiana kiasi leo, na pikipiki ikiibwa au ikiteketea unalipwa kiasi hichohicho. Wakiandika thamani ya soko, bei itatafutwa siku ya hasara, na soko watakalotazama ni la Boxer na TVS. Wakikataa, nenda kwa dalali wa bima akutafutie wengine.

Tazama pia kadi ya usajili. Nyingi bado zina jina la babu. Kama ni urithi, maliza mirathi mahakamani, ubadilishe umiliki TRA, ndipo uendelee.

2. Namba za injini na fremu

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo wathamini wengi wanapoteleza. Safisha namba kwa mafuta ya taa na mswaki. Msasa usiuguse kabisa: namba iliyokwanguliwa inafanana na namba iliyoghushiwa. Piga picha ukiwa umelaza tochi ubavuni ili kivuli kionyeshe kila mkato.

Kisha ujue namba hizo zinasema nini. Triumph za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja kwenye injini na fremu; zikitofautiana, injini ilibadilishwa, na thamani inashuka. BSA za miaka ya 1950 ni kinyume chake: namba za injini na fremu hazikulingana tangu zilipotengenezwa. Mthamini asiyejua hilo ataandika "injini si ya asili" na kukukata bure. Kuanzia 1969 Triumph na BSA zina herufi mbili mbele ya namba: ya kwanza ni mwezi wa kutengenezwa, ya pili ni mwaka wa toleo. KD, kwa mfano, ni Septemba 1969, toleo la 1970. Kwenye injini za Triumph za wakati huo, namba zimegongwa juu ya uso wenye nembo ndogondogo za kiwanda. Zikiwa zimefutika, kuna mtu alipitisha tupa.

Klabu ya Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza inahifadhi vitabu vya viwanda vingi vya zamani na hutoa cheti cha tarehe kwa malipo. Nilipopeleka karatasi ya namna hiyo, ubishi juu ya mwaka uliisha palepale.

3. Usipake rangi

Najua inawasha mikono. Bantam yangu bado ina kijani hafifu cha kiwandani, kimepauka na kuchubuka kwenye tangi. Fundi mmoja alitaka kuipulizia nyekundu "ipendeze kwa mthamini". Rangi ya asili ikishaondoka hairudi. Osha, kausha, basi.

4. Faili la bei

Tafuta pikipiki tatu au nne za aina na hali kama yako zilizouzwa kweli, hasa kwenye minada ya Uingereza ambayo hutangaza matokeo. Bei ya tangazo haina maana. Mtu anaweza kuomba chochote. Ongeza gharama ya meli na kodi za bandarini, kwa sababu ikiibwa hutapata nyingine Kariakoo. Risiti za spea nazo ziingie, hata zile zenye madoa ya oili.

5. Siku ya ukaguzi

Usiiwashe asubuhi. Mthamini aipapase injini ikiwa ya baridi, kisha upige kiki mbele yake. Mwonyeshe mita pia: mita ya Smiths kwenye Bantam yangu inasoma maili, naye mthamini wangu wa pili akaandika kilomita 31,000. Kosa lilinifaa, lakini nilimsahihisha. Siku ya madai, kosa kama hilo linakuwa kisingizio. Akaandika maili, akasoma faili kwa karibu saa nzima, na ripoti ikasema milioni sita na nusu.

6. Ripoti na mkataba

Linganisha kila namba na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hakikisha kiasi kwenye mkataba ni kilekile cha ripoti na neno "makubaliano" limeandikwa.

Usishushe thamani ili ada ipungue. Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: pikipiki ya milioni 8 ukiikatia bima ya milioni 4, kisha ikapata hasara ya milioni 2, unalipwa milioni 1. Nusu uliyoificha unaibeba mwenyewe.

Rudia uthamini kila baada ya miaka miwili au mitatu, maana shilingi haikai mahali pamoja. Na nakala ya faili iwe nje ya nyumba. Yangu iko kwa dada yangu Tanga, kwa sababu faili la kwanza nililihifadhi kwenye kabati la gereji, futi mbili kutoka kwenye dumu la petroli.