Kutayarisha Land Rover 110 ya jeshi kwa safari za kambi: anza na umeme, kitanda baadaye

Watu wengi wakipata Land Rover iliyostaafu jeshini hukimbilia kwanza kwa fundi wa kuchomelea keria. Huko ni kuanzia kazi mkiani. Gari hili liliundwa kubeba mizigo tangu kiwandani. Kinacholiua ni uzito uliopandishwa juu na nyaya zilizounganishwa kwa kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa Land Rover 110 za jeshi la Uingereza zenye bodi iliyofunikwa nyuma, hasa zilizotayarishwa kubeba redio na kuandikwa FFR. Hizo umeme wake ni volti 24. Zilizoandikwa GS, yaani za kazi za kawaida, huwa za volti 12, na mwenye hiyo anaweza kuruka sehemu ya chaja ya kugeuza volti 24 kuwa 12. Mercedes G ya jeshi la Ujerumani, 250GD, nayo ni volti 24, kwa hiyo maelezo ya umeme yanaifaa pia.

Hatua ya 1: Karatasi na rangi

Ukiwa Kenya, nunua gari ambalo tayari liko nchini na lina namba. Gari lililotumika haliingizwi likiwa limepita miaka 8, na hizi zote zimeshapita. Tanzania zinaingia, lakini umri huongeza ushuru, basi piga hesabu kabla ya kutuma pesa.

Rangi ya madoa ya jeshi iondoke kabla ya safari ya kwanza, la sivyo kila kizuizi cha polisi kitakuwa kituo chako. Rangi mpya iandikishwe kwenye kadi ya gari: NTSA kwa Kenya, TRA kwa Tanzania.

Hatua ya 2: Toa kabla ya kuongeza

Fungua meza ya redio, fremu zake, vishikio vya antena, na viti vya pembeni vya askari kama hutavihitaji. Viti hivyo vinatazamana na mara nyingi havina mikanda. Usipakie watoto humo kwa safari ya kilomita 600.

Usitupe bolti wala kuziba matundu. Matundu ya fremu za redio yalitobolewa mahali penye nguvu, na ndiyo utakayofungia kabati na kitanda. Kila tundu unaloepuka kutoboa ni tundu moja pungufu la kuvujisha maji.

Kabla ya kukata waya wowote, piga picha, kisha bandika karatasi yenye namba kila upande. Nyaya za redio ni nene na zinashawishi kuzitumia tena. Zitumie tu kama umezifuata hadi mwisho na kupima kwamba hazina umeme.

Kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Swichi ya taa ya jeshi ni ya kuzungusha, na ina nafasi ya msafara wa gizani. Ikiwa hapo, inawaka taa ndogo tu chini ya gari, inayomulika difu ya nyuma iliyopakwa rangi nyeupe ili dereva anayefuata aione. Taa kubwa na za breki zinakuwa kimya. Gari limewahi kuvuliwa dashibodi nzima kumbe swichi ilikuwa imegeuzwa. Zungusha swichi kwanza, fungua nyaya baadaye.

Hatua ya 3: Injini na miguu

Land Rover 110 za jeshi za miaka ya mwisho ya 1990, ziitwazo Wolf, zina injini ya 300Tdi, na hiyo ina mkanda wa taimingi. Gari la jeshi huwa na kilomita chache na miaka mingi, na mkanda huzeeka hata ukiwa umesimama. Badilisha mkanda, mipira ya rejeta, mipira ya breki na oili zote: injini, giaboksi, transfa, difu mbili. Oili ya difu ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kagua kipumulio cha difu kabla ya kujaza mpya.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi twende taratibu.

Pima kwanza. Zima gari, subiri saa moja, weka mita kati ya chanya ya mwisho na hasi ya mwisho. Betri mbili nzima zilizounganishwa mfululizo husoma volti 25.2 hadi 25.6. Kisha pima kila betri peke yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.2, huenda kuna mtu aliyewahi kuiba volti 12 katikati.

Wizi huo ndio kosa kubwa kuliko yote. Fundi anataka kuwasha redio ya muziki au chaja ya simu, anaona betri ya kwanza ina volti 12, anachomeka pale. Siku hiyo inafanya kazi. Lakini betri hiyo sasa inatumika zaidi ya mwenzake, na altaneta haijui hilo. Yenyewe inaona jumla tu, inasukuma volti 28 na kuridhika. Kati ya hizo, betri iliyochoka inapata labda 13.2, na ile iliyojaa inalazimishwa 14.8. Moja haijai kamwe, nyingine inachemka hadi maji yanaisha. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa na lawama anapewa muuza betri.

Njia sahihi ni betri ya tatu, ya volti 12, kwa matumizi ya kambi, ikichajiwa na chaja ya DC inayopokea 24 na kutoa 12. Chagua ya ampea 25 au 30, inayojizima yenyewe injini isipowaka.

Ukubwa wa betri unatokana na matumizi. Friji ya kompresa ya lita 40 kwenye joto la Tsavo au Ruaha hula takribani Ah (ampea-saa) 40 hadi 45 kwa siku. Taa za LED za ampea 1 kwa saa 5 ni Ah 5. Simu na kamera, tuseme 6. Jumla ni Ah 55 hivi. Betri ya AGM, yaani ya risasi iliyofungwa, ya Ah 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo itakupa chini kidogo ya siku moja ukiwa umesimama. Lithiamu ya LiFePO4 ya Ah 100 inakupa 80, ila hakikisha chaja ina mpangilio wake, na usiiweke karibu na injini. Sola ya wati 200 katika nchi zetu za ikweta hurudisha karibu matumizi yote ya siku, mradi haikai kivulini. Ukiegesha chini ya mkwaju kwa ajili ya ubaridi, sola ya kwenye paa ni pambo.

Friji nyingi za kompresa hupokea volti 12 au 24. Inashawishi kuichomeka moja kwa moja kwenye betri za gari. Usifanye hivyo, maana asubuhi ya tatu gari halitawaka, na kusukuma tani mbili na zaidi mchangani si mazoezi.

Sasa kufunga:

1. Weka betri ya kambi nyuma, ubavuni mwa boksi la tairi, ndani ya sanduku lenye tundu la hewa. Ifunge kwa chuma na bolti mbili za milimita 8. Mkanda wa raba hautoshi.
2. Chaja ikae karibu na betri hiyo, isikae mbele. Ukitaka ampea 25 za volti 14.4 nyuma, upande wa volti 24 utapita ampea 15 tu. Waya mrefu ukibeba volti 24 unapoteza kidogo: kwa mita 5 za milimita mraba 10, upotevu ni volti 0.26 kati ya 27. Ungeweka chaja mbele na kupeleka volti 12 kwa waya huohuo, upotevu ungefika volti 0.44 kati ya 14.4, na betri isingejaa vizuri.
3. Fyuzi ya ampea 25 iwekwe kwenye chanya ya betri za gari, ndani ya sentimita 20. Fyuzi iliyo mwisho wa waya haiulindi waya. Nyingine ya ampea 40 iwe kwenye chanya ya betri ya kambi.
4. Kila waya unaopita kwenye bati uvishwe mpira tunduni. Bodi ni aluminiamu, na makali yake hukata waya kama wembe barabara ikiwa na mawimbi.
5. Hasi zote zirudi kwa waya hadi kwenye chasisi, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Usitegemee bodi, viungo vyake vina kutu nyeupe na umeme hupita kwa kusuasua.

Ukimaliza, washa injini na upime kwenye betri ya kambi. Ukiona 14.2 hadi 14.4, sawa. Ukiona 12.6 na chaja inawaka, tafuta kiungo kilicholegea: gusa terminali kwa mkono baada ya dakika 10, ile yenye joto ndiyo yenye tatizo.

Hatua ya 5: Sakafu, kitanda na makabati

Plaiwudi ya maji ya milimita 12 inatosha ukiwa na nguzo kila sentimita 40. Karatasi nzima ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 na zaidi; ya 12 ni kama 21. Kwa kitanda na makabati unatumia karatasi mbili, kwa hiyo unaokoa karibu kilo 20 bila kupoteza kitu.

Kabla ya kukata, keti sakafuni na godoro lako la sentimita 8 chini yako, pima kutoka kichwani hadi paa. Jukwaa likae juu kidogo tu ya maboksi ya matairi. Wengi huliinua ili wapate droo kubwa, halafu hawawezi kuketi ndani mvua ikinyesha. Urefu wa kulala ukipungua, tengeneza kipande cha bawaba kinachofunguka juu ya viti vya mbele vilivyolazwa.

Chuma kikigusa aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha tundu linapanuka. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, washa ya nailoni kati ya mabano na bodi, na silikoni tunduni. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani. Nati ya kawaida hufunguka yenyewe kabla hujafika Marsabit.

Hatua ya 6: Maji na gesi

Maji yakae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Vyombo viwili vya lita 20 hadi 30 ni bora kuliko tanki moja la 60, kwa kuwa kimoja kikipasuka bado unakunywa. Madumu ya njano ya mafuta ya kupikia yanafaa kwa kuogea tu; ladha ya mafuta haitoki.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu unatosha wiki kadhaa. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni, mahali hasa unapolala. Toboa tundu la milimita 25 chini ya mtungi lililo wazi hadi nje, na usiku mtungi utoke nje ya gari.

Hatua ya 7: Keria, ukiilazimisha

Hema la paani ni kilo 50 hadi 70. Dumu la chuma la dizeli lita 20 ni karibu kilo 21. Weka hema na madumu mawili, na tayari una karibu kilo 100 au zaidi juu ya kichwa chako bila kuhesabu keria yenyewe. Kitabu cha gari chako kina kikomo cha paa, kisome, na kumbuka kikomo hushuka zaidi nje ya lami. Huku juu panafaa hema, turubai na majani ya chai. Dizeli na maji, hapana.

Hatua ya 8: Matairi, mizani, jaribio

Kwa matairi ya 7.50 R16 yenye mzigo, anza na psi 28 mbele na 48 nyuma. Kwenye mchanga laini shusha hadi 20 hivi, usizidi kilomita 30 kwa saa, na ujaze tena kabla ya lami. Kompresa ichukue umeme kutoka betri ya kambi, kupitia fyuzi yake yenyewe.

Pakia kila kitu, maji yakiwa yamejaa, upite kwenye mizani ya magari. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Ukizidi, anza kushusha vilivyo juu.

Kisha tafuta kilomita 50 za barabara mbovu karibu na nyumbani. Rudi na spana, kaza kila bolti uliyofunga, pima tena volti za betri tatu. Lala humo usiku mmoja uani, friji ikiwa inawaka, na usome mita asubuhi kabla ya kuwasha injini. Betri ya kambi ikiwa chini ya 12.2 kwa AGM, friji inakula zaidi ya ulivyokadiria, au kuna kitu kingine kinachokula usiku. Chomoa fyuzi moja moja hadi umpate mwizi.