Somo: Pilipili inavyogeuka kuwa umeme kwenye neva

Vitabu vya shule hutuambia neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, kisha vinarukia mada nyingine. Jambo lenyewe linaachwa hapo katikati. Pilipili ni kemikali, chai ya moto ni joto, kofi ni mgandamizo, na ubongo haupokei hata kimoja kati ya hivyo. Unapokea umeme tu. Leo tunaifuata pilipili kuanzia ulimini mpaka umeme unapozaliwa. Nimeichagua kwa sababu chaneli yake, yaani mlango wa protini kwenye utando wa seli, imechunguzwa sana, na kwa sababu hapa kikundini sidhani kama yupo ambaye hajawahi kuunguzwa na kachumbari ya watu.

Hatua ya 1: Ijue seli ikiwa imetulia

Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu kila kinachofuata kinakuwa kiini macho. Kabla hujaonja chochote, seli ya neva tayari ina umeme wa akiba. Nje yake sodiamu ni nyingi, takriban milimoli 145 kwa lita, na ndani haifiki hata 20. Potasiamu ni kinyume chake: ndani karibu 140, nje 4 au 5. Anayeitunza tofauti hiyo ni pampu iliyo kwenye utando wa seli. Kila mzunguko inatoa ayoni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na inakula nishati usiku na mchana.

Potasiamu nayo huvujia nje kidogo kidogo kupitia chaneli zilizo wazi muda wote, ikitoka na chaji yake chanya. Ndiyo maana ukiingiza elektrodi nyembamba ndani ya seli utasoma hasi, kama milivolti 60 hadi 70 chini ya nje.

Kwa hiyo sodiamu ina sababu mbili za kutaka kuingia: imejaa nje, na ndani kuna hasi inayoivuta. Inachokosa ni njia. Utando wa seli ni mafuta, na ayoni haipenyi mafuta.

Hatua ya 2: Itambue chaneli

Njia yenyewe ni protini inayoitwa TRPV1: vipande vinne vinavyofanana, vimelizunguka tundu moja. Iligunduliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa njia ninayoipenda sana. Walichukua vipande vya DNA kutoka kwenye jeni zinazofanya kazi katika neva za hisia, wakaviingiza kwenye seli ambazo kwa kawaida hazina habari na pilipili, wakazimwagia kapsaisini, ile kemikali inayoifanya pilipili iwe kali. Kisha wakatafuta chini ya hadubini seli zilizoingiwa na kalsiamu. Wakaendelea kuchuja mafungu hadi wakabaki na jeni moja.

Halafu wakaipasha joto chaneli hiyo, bila pilipili. Ilipokaribia nyuzi 43 za Selsiasi, ikafunguka yenyewe. Mwaka 2021 Julius aligawana Tuzo ya Nobeli na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, aliyegundua chaneli za mgandamizo ziitwazo Piezo.

Hatua ya 3: Chaneli inafunguka

Kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo utando hauizuii. Inapenya, inakaa kwenye kijishimo chake katika protini, protini inabadili umbo na tundu linafunguka. Joto halina pa kukaa, linabadilisha umbo la protini moja kwa moja.

Vichocheo hivi vinasaidiana. Kapsaisini ikishakaa, chaneli haisubiri tena nyuzi 43, hata joto la kawaida la mdomo linatosha. Asidi nayo inailegeza. Sasa fikiria supu ya moto, yenye pilipili, iliyokamuliwa ndimu: mambo matatu, chaneli moja. Iache ipoe na uinywe tena, utaona ukali umepungua ingawa pilipili ni ile ile.

Hatua ya 4: Ayoni zinaingia

Sodiamu na kalsiamu zinamiminika ndani, na ile hasi inapungua, tuseme kutoka milivolti hasi 65 kuelekea hasi 50. Badiliko hili ni la kadiri: pilipili kidogo, badiliko dogo. Tatizo lake ni kwamba linafifia njiani. Peke yake halifiki popote.

Hatua ya 5: Mpigo wa umeme

Jirani na TRPV1 kuna chaneli nyingine za sodiamu ambazo hazijali pilipili wala moto. Zinaamshwa na volti. Badiliko la Hatua ya 4 likivuka kizingiti, zinafunguka kwa pamoja na ndani kunakuwa chanya kwa milisekunde moja au mbili, kisha zinajifunga, potasiamu inatoka na hasi inarudi. Ni kama kibiriti: ukikisugua kwa woga hakiwaki, kikiwaka kimewaka. Mpigo haukui kwa sababu pilipili imezidi, kinachoongezeka ni idadi ya mipigo kwa sekunde.

Neva za aina hii ni nyembamba na nyingi hazina ala ya mailini, ile ganda la mafuta linaloharakisha mpigo. Mipigo yake husafiri mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde, wakati zile za mguso hupita mita 35. Ukijigonga kidole cha mguu, mguso unafika kwanza. Ule moto unafuata nyuma.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Kama pilipili na moto vinafungua chaneli ile ile, ubongo unajuaje ni kipi?

Marahaba. Kwa neva hiyo peke yake, haujui. Mpigo ukija kwenye njia hiyo unasomeka "kunaungua", basi. Unajiongeza kwa macho, ladha na harufu. Mnanaa unafanya vivyo hivyo upande wa baridi: mentholi inafungua TRPM8, chaneli ambayo kwa kawaida hufunguliwa na ubaridi.

Mwalimu, kuku wangu wanadonoa pilipili kichaa bila wasiwasi. Hawana neva?

Wanazo, na TRPV1 wanayo, na moto unawaunguza vizuri tu. Ila protini yao imetofautiana kidogo pale kapsaisini inapotakiwa kukaa, kwa hiyo haiwafungulii. Mmea unafaidika, maana ndege huzipitisha mbegu nzima na kuzisambaza, wakati mamalia wengi huzitafuna.

Maji au maziwa?

Maziwa. Rudi Hatua ya 3: kapsaisini ni ya mafuta, maji yanaisambaza tu mdomoni.

Je, jicho nalo linafungua chaneli mwanga ukiingia?

Hapana, linafunga! Gizani seli za retina (tabaka la nyuma ya jicho) zinazopokea mwanga zina chaneli zilizo wazi, zinaingiza sodiamu na kalsiamu, na ndani ni hasi 40 hivi. Mwanga unazifunga, hasi inaongezeka kuelekea 70, na seli inapunguza kemikali inayomwaga kwa seli jirani. Upungufu huo ndio taarifa. Sikio nalo lina lake: nywele za seli za ndani zikipinda, kinachoingia zaidi ni potasiamu, kwa sababu majimaji yanayoziogesha yamejaa potasiamu. Mwenye mtihani asikariri "sodiamu inaingia" kwa kila hisia.

Niling'olewa jino kwa sindano ya ganzi. Nilisikia daktari anavuta, lakini maumivu hakuna. Ilikuwaje?

Ganzi kama lidokaini haigusi Hatua ya 3 wala ya 4. Inaziba chaneli za Hatua ya 5, na inaziba kutokea ndani ya seli. Neva nyembamba za maumivu huzidiwa mapema, zile nene za mgandamizo huchelewa, ndiyo maana ulisikia kuvutwa.

Na mimi jino langu lilikuwa na usaha, ganzi ikagoma kabisa. Walinichoma sindano mbovu?

Si lazima iwe mbovu. Penye usaha pana asidi, na asidi huifanya sehemu kubwa ya dawa iwe na chaji. Dawa yenye chaji haipenyi utando wa mafuta, na isipopenya haifiki inapotakiwa kuzibia.