Kangaga la Juu ya Mti Halipandwi Kwenye Udongo

Wapanda maua wa Nyegezi, Isamilo na Capri Point jijini Mwanza wanaendelea kununua kangaga linaloota juu ya miti, Platycerium elephantotis, wakalifukia katika chungu cha udongo na kulimwagilia kila asubuhi kama mchicha, kisha likifa wanamlaumu aliyewauzia.

Muuzaji hana kosa. Kangaga hili ni la misitu ya Afrika ya kitropiki. Hujishikiza kwenye shina la mti bila kuunyonya, na mizizi yake imezoea kulowa mvua inyeshapo na kukauka upepo uvumapo. Ikifukiwa, hasa katika udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji siku nyingi, hukosa hewa, na uozo huingia hadi kwenye kitovu cha mmea, yaani sehemu inayochipuza majani mapya. Kitovu kikioza hakuna dawa. Wanaoongeza samadi wakiona majani yamelegea wanaharakisha tu kifo chake.

Litafutiwe ubao usiopakwa rangi wala dawa, wenye sentimita 30 kila upande. Nyuzi za makumbi ya nazi zilowekwe usiku kucha, zikamuliwe na kutandazwa kwa unene wa sentimita 4, kisha mmea ufungwe juu yake kwa mshipi wa kuvulia samaki, chipukizi likitazama nje bila kupitiwa na mshipi. Majani ya kahawia yanayofunika mizizi yasibanduliwe; hayo ni ngao yake, si uchafu.

Kuanzia Juni hadi Septemba, ubao uzamishwe katika beseni la maji mara moja kwa wiki kwa dakika 15, wala si saa nzima, kisha uninginizwe kivulini mpaka matone yakome. Wakati wa vuli na masika inatosha kila baada ya siku 10 hadi 14, na nyuzi zikiguswa zikaonekana bado zina unyevu, subiri siku mbili zaidi hata kama zamu imefika. Anayetaka mmea wa kushinda majini, magugumaji yamejaa ziwani.

Ndani ya nyumba, liwekwe mita 1 kutoka dirisha la mashariki, mbali na feni. Likitoa jani jipya la ngao, limeshika.

Lililokwisha kufukiwa lifukuliwe leo: mizizi myeusi inayoteleza ikatwe kwa kisu safi, mmea ukae kivulini siku 2 bila maji, ndipo ufungwe kwenye ubao. Kitovu kikibonyea kwa kidole, litupwe.