Una mimba na unataka kupaka rangi nywele? Jipime hivi kwanza

Wadada wa Ujiji na Mwanga, msimu wa harusi ndo huu na wengine tumbo liko mbele, kila saluni swali ni hilohilo, eti hii rangi haimdhuru mtoto? Nianze na hapa maana wengi tunachanganya: kile kipimo cha kupaka kidogo kwenye ngozi hakisemi chochote kuhusu mtoto, kinakwambia tu kama ngozi yako itaikubali rangi. Kuhusu mtoto, dawa inayopenya kichwani hadi kwenye damu ni kidogo sana ndo maana madaktari wengi hawakatazi, ila wanashauri usubiri wiki 12 za mwanzo zipite, na kama kichwa kina vidonda au umetoka kufumua kikakwaruzika, acha kwanza.

Haya, kupima. Hata kama umeitumia miaka yote pima tena, mimba inabadilisha ngozi. Changanya rangi kidogo tu na haidrojeni yake, ile dawa ya kuchanganyia, kama paketi inavyoelekeza, chovya pamba, gusa nyuma ya sikio, halafu subiri masaa 48 kamili. Sio usiku mmoja! Mi nilipaka Jumatano jioni, Alhamisi kimya nikajiona nimefaulu, Ijumaa asubuhi sikio jekundu, limevimba, linawasha hadi mtandio sikuweza kufunga, nikawaza ningepaka kichwa kizima ingekuwaje.

Kinachosumbua mara nyingi ni kemikali ya rangi iitwayo PPD, kwenye paketi wanaandika p-phenylenediamine, herufi ndogo kweli kweli, washa tochi ya simu. Ulaya kwenye rangi ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2 ikiwa kichwani, na kuchorea ngozi hawairuhusu. Sasa piko yetu ya mikononi mara nyingi ni hiyohiyo rangi ya nywele! Hina ya majani matupu inatoa wekundu, ukiambiwa hina lakini inatoka nyeusi tii jua kuna kitu kimeongezwa. Na kale kaunga ka kupimiwa kwenye kinailoni kasiko na maandishi, mwachie mwenye duka.

Ukifaulu, pakia barazani au dirishani penye hewa, vaa glavu, usipitishe muda wa paketi, suuza sana. Uso ukivimba au pumzi ikibana nenda hospitali hapohapo, na paketi ubebe.