Somo: Betri mpya ya trela la kambi, anza kwa kujua kilichoiua ya zamani

Betri ya trela ikifa, wengi wetu tunanunua nyingine kama ile ile, tunaifunga, na msimu mmoja baadaye tuko pale pale. Mimi nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu nikafungua vifuniko na kumulika ndani kwa tochi. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mabamba ya risasi, na sehemu ya juu iliyopaswa kuwa imezama ilikuwa kavu, imeota weupe. Betri zote tatu hazikuwa na kosa. Chaja ya ndani ya trela ndiyo iliyokuwa ikizichemsha miezi yote trela likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana somo hili halianzii dukani.

Hatua ya 1: Ipime ya zamani

Chomoa chaja, tenga sola, zima kila kitu, uiache betri ipumzike usiku kucha. Asubuhi weka multimita, yaani kipimo cha volti. Betri ya risasi iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na kwenye 12.0 imebaki karibu robo. Kama uliijaza jana na leo imeporomoka bila mzigo wowote, ndani kuna seli iliyokufa.

Sasa washa chaja na uendelee kupima kwa siku mbili tatu. Ikikaa juu ya volti 14 muda wote bila kushuka, inachemsha. Ikikwama chini ya 13.2, betri haijai kamwe, na betri ya risasi inayokaa wiki nyingi bila kujaa huganda salfeti kwenye mabamba mpaka inakuwa ngumu, haitoki tena. Vyovyote iwavyo, shughulikia chaja kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu unachotumia kwa siku

Chukua ampea za kila kifaa, zidisha kwa saa kinazofanya kazi. Tuseme taa ni ampea 1 kwa saa 5, jumla 5. Feni ya hita ampea 7 kwa saa 4, jumla 28. Friji ya kompresa ampea 4, lakini huwaka na kuzima, kwa hiyo hesabu saa 12, jumla 48. Pampu ya maji inavuta sana ila kwa dakika chache tu, weka 1. Simu weka 6. Hapo una ampea-saa 88 kwa siku.

Betri ya risasi usiikamue chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo 88 hizo zinadai betri ya ampea-saa 176, yaani mbili za 100. Lithiamu inakuruhusu kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo 110 zinatosha. Na kama sola yako inarudisha sehemu nzuri kila mchana, punguza. Tafadhali fanya hesabu hii kwa vifaa vyako mwenyewe, usinakili yangu.

Hatua ya 3: Chagua aina

Betri ya kuwashia gari iache. Mabamba yake ni mengi na membamba, yametengenezwa yatoe nguvu kubwa kwa sekunde chache. Ukiifanya ilishe taa na friji usiku kucha, itakufa mapema mno. Unataka ile ya mabamba manene, aina watu wanayoitumia kwenye sola.

Ya maji ni imara, lakini inakudai uikague na kuiongezea maji safi ya betri, na ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo boksi lake lazima lipumue nje. AGM, betri ya risasi iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ndani, haiongezwi maji, na haimwagiki. Lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4, ni nyepesi ajabu: ya ampea-saa 100 ina kama kilo 12, wakati ya risasi ya kiasi hicho inakaribia kilo 30. Udhaifu wake ni baridi. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, la sivyo seli zinaharibika moja kwa moja. Kama betri yako hukaa nje mbele ya trela na unapiga kambi kwenye theluji, ihamishie ndani au nunua yenye kipasha joto chake.

Hatua ya 4: Chaja ikubaliane na betri

Lithiamu nyingi hutaka volti 14.2 hadi 14.6 ili zijae. Chaja ya zamani inayotoa 13.6 tu haitaifikisha. Na usiiunge lithiamu moja kwa moja na oltaneta (jenereta ya injini) ya gari linalovuta. Inaweza kuvuta ampea nyingi mpaka oltaneta ikaungua. Weka kati yake kifaa cha kuchaji betri kwa betri.

Hatua ya 5: Kufunga

Pima trei kabla ya kununua, pamoja na urefu wa kwenda juu. Piga picha ya waya zilivyo. Toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya. Kaza vizuri, maana swichi ya dharura inayokaza breki trela likichomoka kwenye gari hutegemea betri hii.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina betri mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), moja imekufa. Ninunue moja tu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ile ya zamani itaivuta mpya chini. Nunua mbili za aina moja na umri mmoja. Ukiziunga, waya wa chanya unaoenda kwenye trela uanzie kwenye betri ya kwanza na wa hasi kwenye ya pili, ili zifanye kazi sawa.

Swali: Fundi, shikamoo. Mbili za volti 6 au mbili za volti 12?

Jibu: Marahaba. Za volti 6 unaziunga mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, unapata 12, na ampea-saa zinabaki za betri moja. Mabamba yake huwa manene sana, zinavumilia. Ila moja ikifa, huna umeme kabisa. Za volti 12 sambamba, moja ikifa unaitenga na safari inaendelea.

Swali: Nataka jagi la umeme la wati 1500 kwa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani). Lithiamu moja ya 100 itaweza?

Jibu: Wati 1500 kwa volti 12 ni ampea 125, na inveta inapoteza kidogo, sema 140. Lithiamu nyingi za ukubwa huo zina ulinzi wa ndani unaokata kwenye ampea 100. Itazima kabla maji hayajapata moto. Weka mbili, au chemsha kwa gesi.

Swali: Trela litaegeshwa miezi mitano. Niiacheje?

Jibu: Ya risasi ijaze kabisa, kisha toa waya wa hasi, kwa sababu kengele inayotambua gesi ikivuja peke yake inaweza kuimaliza. Ijaze tena kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Lithiamu iache karibu nusu, nayo ukiwa umetoa waya.