Namna ya Kuuliza Swali la Python Likajibika

Programu ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inapokwama, usome ujumbe wa kosa kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake huonyesha faili na nambari ya mstari wenye tatizo.

Makosa yasiyotoa ujumbe wowote ndiyo yanayosumbua zaidi. Chukulia mchuuzi wa nazi katika soko la Kongowea, Mombasa, anayetaka kujumlisha bei ya nazi tatu za shilingi 50 kila moja: akiandika bei = input() kisha print(bei * 3), atapata 505050 badala ya 150, maana input() hurejesha maandishi hata mtu anapoingiza tarakimu, na maandishi yakizidishwa hurudiwa tu. Dawa yake ni bei = int(input()), kwani int() hugeuza maandishi hayo kuwa namba.

Ukishindwa kabisa, punguza programu hadi ibaki mistari michache ambayo bado inaonyesha kosa, kisha umpelekee mjuzi pamoja na maelezo ya ulichotarajia na ulichopata. Tuma maandishi yenyewe, si picha ya skrini (kunakili msimbo kutoka kwenye picha ni adhabu), na usivuruge nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari, kwani katika Python nafasi hizo ni sehemu ya sarufi.